Minandi wa Kisiwani Wamuaga Mzee Gisiri

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, Mzee Gisiri, askari anayelinda ndege wa ziwani katika kituo chetu cha Magunga, atavua sare rasmi tarehe 30 Septemba 1998. Mkewe, Bi. Edinah, ametutumia salamu kwamba sare hiyo tubaki nayo huku huku. Anayeijua harufu ya kinyesi cha mnandi hatamlaumu, kwani tangu waoane sare hiyo hulala nje kwenye ua.

Aliripoti kazini Mei 1967 akitokea upande wa Isebania, kijana wa kuchunga ng'ombe asiyejua kuogelea, na hadi leo hajui. Alipoambiwa atalinda ndege wa kisiwani alikubali kwanza, ndipo akauliza huko kisiwani watu hufikaje. Tangu siku hiyo hajapanda boti bila mpira wa ndani wa gurudumu la gari kiunoni. Mkubwa mmoja kutoka Nairobi aliwahi kumcheka. Mawimbi yalipoanza, mkubwa aliushikilia mpira huo kwa mikono miwili na hakuuachia mpaka nchi kavu.

Kwa wageni wetu wa leo, mnandi ni yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu anayepiga mbizi kufuata samaki, kisha akasimama juu ya jiwe na kutandaza mabawa yakauke, maana manyoya yake hulowa. Hujenga kiota cha vijiti juu ya mikuyu, na jirani akiruka tu, humwibia vijiti. Mzee anawajua wezi sugu mmoja mmoja na huwagombeza kwa Kikuria.

Kila mwaka huzunguka kisiwa kwa boti akihesabu viota, na kwa kila viota kumi hutia punje moja ya mahindi mkebeni. Mwaka wa 1979 alibeba mahindi ya kuchoma. Wesley, mwendesha boti wetu, njaa ilimshika, akautafuna mkebe mzima Mzee akiwa anafunga kamba. Jamani! Fungueni kitabu cha kituo mjionee, mwaka huo umeandikwa kwa wino mwekundu: hesabu imeliwa. Siku hizi hutumia maharagwe makavu.

Lakini si yote ya kucheka. Mwaka wa 1994 nusura tuwapoteze minandi wote. Samaki walipungua, nyavu zikawa zinatoka tupu, na kamati ya bichi, yaani ya wavuvi wa ufuko wetu, chini ya mwenyekiti wake, Bwana Caleb Ogweno, ikaamua kwamba mwizi ni mnandi. Jumatatu ifuatayo wangekata mikuyu yote, viota vikiwa vimejaa vifaranga. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na watoto wa kulisha. Barua za ofisi hazikusaidia kitu. Nilizipiga chapa mimi mwenyewe, najua.

Mzee aliwaomba wampe asubuhi moja tu. Miaka yote ametukataza kukanyaga chini ya miti hiyo wakati wa vifaranga, kwa sababu wakishtuka huanguka. Siku hiyo aliwapeleka wanakamati sita pale pale. Kifaranga wa mnandi akiogopa hutapika alichokula, na vifaranga hao walitapika kwelikweli: mabegani, vichwani, na juu ya kofia mpya ya mwenyekiti. Mzee alikuwa ametandaza turubai. Akawaomba wapekue wenyewe kwa vijiti, wamtafute samaki wao aliyeibwa. Walipekua karibu saa nzima wakaona fulu, na fulu, na fulu tena, vile visamaki vya miiba ambavyo kwenye soko lao havikuwa na mnunuzi. Ngege hakuwamo hata mmoja, wala mbuta, samaki wanaowaletea pesa. Bwana Caleb alivua kofia, akaitazama, akasema mashoka yarudi nyumbani.

Vifaranga wawili walianguka na kufa asubuhi ile. Mzee aliwaandika kitabuni kwa jina lake, kwamba yeye ndiye aliyewaua. Nilipomwambia ameokoa viota zaidi ya elfu moja, alinijibu kwamba hao wawili hawakuulizwa. Nililia pale ofisini, wala sioni haya kusema.

Sasa anaondoka, na nafasi yake haitajazwa kwa sababu serikali inapunguza watu. Tuliogopa sana, maana miti ile bado ni mizuri kwa kuni na makaa. Mwezi uliopita Mzee alifanya hesabu yake ya mwisho. Pembeni yake botini aliketi Bwana Caleb, ambaye bichi imemchagua kuwalinda ndege hao bila mshahara. Kila mmoja alihesabu kivyake. Mzee alipata viota 1,409, Caleb akapata 1,412. Walizunguka mara ya pili, Caleb akionyesha kwa kidole, na macho ya Mzee bado hayakuviona vile vitatu. Mzee alifungua kitabu, akaandika 1,412 kwa mkono wake.

Mzee Gisiri, asante kwa kazi, kwa ukali wako, na kwa vicheko. Ng'ombe wako wanakungoja Isebania, na Bi. Edinah pia, mradi uoge kwanza. Mungu akupe afya na usingizi mrefu wa asubuhi. Viota vyako vimepata mtu mwenye macho. Kapumzike.

Caren Nyatichi, karani wa kituo