Mchezo wa Casimir Kilufya

Wasikilizaji wapendwa, juma hili tumemzika Casimir Kilufya, hapa kwetu Likasi. Nitawaambia jinsi alivyoibiwa, na sitapaka sukari.

Miaka ile ya Katanga kujitenga, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, Casimir alikuwa mhudumu katika cercle moja, yaani klabu, ya wazungu. Alipeleka bia mezani. Sataranji alijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega yao, sinia mkononi.

Alipenda mwanzo mmoja wa mchezo, mkali sana. Wewe ni mweusi, una kete nyeusi. Mweupe anamtaka mfalme wako, na askari wake wa pembeni anakuja mbio. Wengi hapo huogopa, wakajikunyata kulinda. Casimir alisema ukijikunyata umekwisha. Shambulia upande wa mfalme wake. Toa ngome yako nzima, ingawa ina thamani zaidi, umle farasi wake, kabla hajakufikia. Toa ngome, wasikilizaji. Shikeni hapo.

Jumapili moja ya 1962, fundi mkuu mmoja, Lambrecht, alimwita wacheze. Walichezea jikoni, maana Mwafrika hakuketi sebuleni pale. Lambrecht aliahidi: ukishinda, mchezo utaandikwa hatua kwa hatua, ubandikwe ukutani sebuleni kwa jina lako. Casimir alikuwa mweusi, akatoa ngome, akashinda.

Jumatatu mchezo ulikuwa ukutani, ndani ya fremu. Mshindi: Lambrecht, kete nyeusi. Mtu kapigwa jikoni, kajiandika mshindi sebuleni. Na kioo cha fremu ile, aliyekifuta vumbi kila asubuhi ni Casimir.

Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini kukomesha kule kujitenga. Lambrecht akakimbia, funguo za cercle zikabaki kwa Casimir. Alikwenda na mkewe, mama Henriette, akaishusha ile fremu. Lambrecht alikuwa ameandika kwamba mweusi alirudisha ngome nyuma, kulinda. Mwizi hakuelewa hata alichoiba.

Mama Henriette anasimulia: "Nilifikiri atapasula ile papier. Alikamata crayon, akakata ile coup ya bongo, ile hatua ya uongo ya kurudisha ngome, akaandika ya kweli. Nikamuuliza: juu ya nini? Akasema: bantu batafikiri nilichezaka mubaya. Nikamwambia: papa, jina yako haiko pale. Akarudisha fremu ku mur, ku ukuta."

Mama Henriette, binti yake Émérence, na wajukuu wote, poleni sana. Na wewe unayesikiliza, kama unasifiwa kwa kazi ya mwingine, mtaje leo, angali anasikia.

Mchezo ule aliucheza Casimir Kilufya. Narudia: Casimir Kilufya.