Miaka Sita ya Kuumwa Goti la Kuigiza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo chetu cha uganga, walimu, wazazi, wahitimu, na wewe mume wangu Otto uliyekaa karibu na masufuria ya pilau: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi ni Kunegunda, mkulima wa Mshangano. Kwa miaka sita nimekuwa mgonjwa wa kuigiza hapa chuoni, ili hawa watoto wajifunze kumheshimu mtu na mila zake kabla hawajamchoma sindano. Mimi Mngoni na rozari yangu shingoni, hupewa karatasi ya maelezo ya mgonjwa, nikajifunga ushungi nikawa Bibi Mwamvua wa Namasakata, kijiji cha Wayao, mgonjwa wa goti. Watani zangu Wayao mnisamehe.

Mwaka huu, kwenye mtihani, akaja mwanafunzi Daimu, mzaliwa wa Namasakata hasa. Kabla sijakaa vizuri akasema, “Bibi, usihangaike kueleza, mimi ni wa kwenu.” Akanipangia dawa za kumeza wakati wa futari, akanikataza kubeba korosho kichwani. Lo! Karatasi yangu ilisema bibi huyu hafungi kwa sababu ya kisukari, anaishi hapa mjini Lizaboni, na goti aliliumiza akijifunza kuendesha bajaji. Nani alimuuliza? Akafeli, akabakiwa na nafasi moja tu, la sivyo arudie mwaka.

Siku ya marudio aliingia mpole. Akaamkia, akavuta kiti. “Bibi, mimi sikujui. Hebu nieleze siku yako, tangu unapoamka.”

Ndugu zangu, nani amewahi kuniuliza hivyo? Otto, wewe umewahi? Nikaanza na bajaji, nikajikuta nasimulia ya kwangu mwenyewe: kichwa kinavyogonga, kizunguzungu kinavyonilaza kwenye mahindi, na ninavyomficha Otto. Daimu akanifunga kipimo cha presha. Akasoma, akapima tena: ilikuwa juu mno.

“Kijana,” akasema Mwalimu Tadei, msimamizi, “presha haipo kwenye karatasi. Unapoteza alama.”

“Nifelishe tu, Mwalimu. Huyu mama haendi nyumbani.”

Akanishika mkono hadi wodini, mimi bado na ushungi wa Mwamvua. Nililazwa siku nne. Walimu walibishana siku hizohizo nne, na Mwalimu Tadei, nampongeza kwa hili, ndiye aliyesimama akasema kijana amefaulu.

Daimu, mwanangu, joho limekupendeza. Nimekuja kukushukuru, na kuwaaga wote: mtafute mgonjwa mwingine, mimi sasa ninaumwa kweli na dawa ninameza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Leo sikuwa naigiza.