Dada Yetu Inuka-Kaa na Kadi Namba Sitini na Nne

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake marehemu, yule seremala, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyoshika si ile aliyoiandika juzi kaka yetu mkubwa, ile ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilisema aliugua kwa muda mfupi, hii aliniandikisha marehemu mwenyewe akiwa kitandani wodini, na kaka anajua, tumegombana asubuhi hii na yameisha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na fundi cherehani, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kutoa amri kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya ukuta wa posta kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya bweni kuanzia 1981 hadi 1984, ambako alikuwa kiranja wa michezo, akawakimbiza wenzake alfajiri hadi wakamwandikia mwalimu mkuu barua ya malalamiko. Alijiunga na chuo cha tiba Septemba 1986 na kuhitimu Julai 1989 stashahada ya fiziotherapia, neno ambalo baba alishindwa kulitamka hadi anaingia kaburini, akawa anawaambia watu kwamba binti yake ni daktari wa kunyoosha watu.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1990 katika hospitali ya mkoa, na hapo ndipo alipomkuta shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alikwenda kwake kulalamikia mgongo, akalazwa chini sakafuni na kuamriwa kuinua kiuno mara thelathini, na shemeji husema kwamba alipofika ya ishirini alikuwa ameshaamua kuoa. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza ni binti, sasa mwalimu wa hesabu, wa pili ni wa kiume, fundi umeme, wote wawili mnawaona hapa mbele. Mwaka 2003 alihamishiwa hospitali yetu ya wilaya, na hakuhama tena.

Tarehe 7 Juni 2016, siku ya Jumanne, alianzisha darasa la wagonjwa waliosagika viungo, katika chumba cha zamani cha kufulia mashuka, kile chenye mabomba yasiyotoa maji na dirisha lisilofungika. Watu walikuwa wakimjia wameshakata tamaa, kila mmoja ameambiwa mtaani kwamba mafuta ya magoti yameisha, akae tu asiyamalize na yaliyobaki, basi yeye siku ya kwanza ya kila kundi alikuwa akileta goti la ng'ombe kutoka buchani, akilipasua mezani na kuwaonyesha ile ngozi nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa, kwamba hiyo hupata chakula chake goti linapotembea, na kwamba anayekaa ndiye anayeliua. Mzee mmoja aliuliza kama baada ya somo lile goti litapikwa, na darasa likacheka hadi muuguzi akaja kuchungulia. Wiki nane, Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, kuinuka kwenye kiti na kukaa, kupanda ngazi mbili nilizozichonga mimi, na ndiyo sababu mkamwita Inuka-Kaa, jina ambalo alijifanya halipendi.

Kila mmoja alikuwa na kadi yake ya maumivu, unaandika kuanzia sifuri hadi kumi, na sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, ukiumia wakati wa zoezi na kesho yake maumivu yakarudi yalipokuwa, endelea usiogope. Ya pili, maumivu yasiyopumzika hata ukipumzika, yanayokuamsha usingizini, na uvimbe unaokua, hayo si ya darasa, nenda kwa daktari leo, usingoje kesho. Sheria hii ya pili aliirudia kila kundi, mnaijua kwa moyo.

Februari 2023 goti lake la kulia lilianza kuuma, na mwezi uleule uongozi wa hospitali ukamwandikia kwamba chumba kile kitageuzwa stoo ya mafaili mwisho wa mwaka, asipopeleka ripoti ya kuonyesha kwamba darasa linasaidia. Akajiandikisha katika darasa lake mwenyewe, kadi namba sitini na nne, ya mwisho kati ya zile za kutolea ripoti, ili wenzake waone kwamba hata mwalimu ni mgonjwa na anapona. Kila wiki hadi Desemba aliandika kwenye kadi tatu, tatu, mbili.

Sasa nasoma maumivu yake ya kweli kama alivyoyasema, neno kwa neno. Februari ilikuwa tano. Mei, saba. Julai, nane. Kuanzia Septemba tisa kila siku, na nilikuwa naamka.

Tarehe 11 Julai aliniletea karakanani kiti chake cha ofisini, akataka nikiongezee miguu sentimita tano, nikamtania kwamba amezeeka, akacheka, nikapigilia. Mwisho wa Agosti alikirudisha niongeze tano nyingine. Mimi ni seremala, najua mtu anapotaka kiti kirefu ni kwa sababu hawezi kuinuka, nilijua, na bado nilipigilia na kumrudishia bila kumuuliza, kwa sababu aliniangalia kwa namna ya dada mkubwa na mimi nikawa mdogo wake. Mwenzake wa kazi, huyu aliyekaa karibu na shemeji, aliuona uvimbe juu ya goti akamwambia akapige picha ya mfupa, akajibiwa, baada ya ripoti, mwenzangu, wakisikia mwalimu ni mgonjwa kweli watasema nini?

Ripoti iliingia tarehe 15 Desemba, chumba kikabaki. Picha ilipigwa tarehe 19, na daktari wa mifupa akatuita mimi na shemeji, ilikuwa saratani ya mfupa wa paja, imeshafika kwenye mapafu. Januari maneno yakaanza mtaani, kwamba mwalimu amemalizwa na mazoezi yake mwenyewe, na darasa la watu sitini na watatu likabaki na watu kumi na mmoja. Jirani aliyekuja kumwona wodi namba tano alimfikishia maneno hayo pamoja na machungwa, na dada, ambaye sikumwona akilia siku ya ile picha, alilia. Tarehe 21 Aprili aliniambia, seremala, chukua kalamu, usije ukanipamba. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Kaka alisema tusimwaibishe marehemu. Mimi naona aibu ni mtu kurudi kukaa kitandani hadi miguu ikauke kwa ajili ya uongo tuliouacha. Mazoezi hayakumuua. Aliuawa na saratani, na kilichoipa nafasi ni kadi moja. Nanyi wenye zile kadi nyingine mjue jambo hili, mwenzake wa kazi ameiondoa namba sitini na nne akapiga hesabu upya kwa kadi zenu sitini na tatu, ambazo ni za kweli, na jibu halikubadilika, maumivu yenu yamepungua, mnapanda ngazi, ripoti ingesimama na chumba kingebaki. Nimeligeuza jambo hilo kichwani tangu Jumamosi na sijapata pa kuliweka.

Familia inamshukuru daktari wa mifupa ambaye hakutudanganya hata siku moja, wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliompikia shemeji miezi minne, jirani wa machungwa pia tunamshukuru, hana kosa, madereva wa magari ya wagonjwa waliombeba marehemu kama mke wa mwenzao, na wafanyakazi wote wa hospitali ya wilaya. Kesho ni Jumanne, ufunguo anao mwenzake, mlango utakuwa wazi saa tisa, na mwenye maumivu ya ile sheria ya pili asije darasani, aende kwa daktari.

Pumzika sasa, dada yangu, maumivu yameishia hapo, tungekupenda vilevile hata ungeandika tisa.