Kazi Niliyokuwa Nimeikalia

"Huyu hatakaa."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno lililonipokea hapa Kasongo siku niliyorudi kutoka Bukavu, diploma yangu ya biashara nimeifunga ndani ya plastiki ili mvua ya njiani isiiguse. Lilisemwa na mjomba wangu, mbele ya watu, mimi nikiwa bado na matope mpaka kwenye nyusi. "Mutu amezoea miji mikubwa na taa zake," alisema, "hapa atakaa wapi? Atakula muchele wetu kidogo, kisha atarudi alikotoka." Watu wakacheka. Baadhi yenu mlikuwepo na mlicheka. Msiinamishe vichwa, ninawaona.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitaeleza yote. Majina ya watu sitayataja. Anayejijua atajijua.

Kwanza niseme jambo ambalo siwezi kulisema kwa unyenyekevu: mimi nina akili ya kitabu na akili ya mikono, zote mbili. Redio nikiifungua naielewa. Picha napiga, Kifaransa nafundisha, kuku nafuga, pazia nashona. Mnajua watu wangapi namna hiyo kati ya hapa na Kabambare? Basi nikajiambia, mtu mwenye vipaji vyote hivi, kwa nini afanye kazi moja kama mtu asiye na chaguo?

Nikafungua chumba karibu na soko, cha fotokopi na kuchaji simu. Jenereta niliazimwa na shemeji yangu. Kamera niliazimwa na rafiki niliyesoma naye. Mashine ya kushona niliazimwa na mama mkwe, aliyeko Kabambare, nayo nilianza kazi ya pazia. Kuku niliwaweka huko huko Kabambare kwenye uwanja wa wakwe, na pembeni yao duka dogo la sabuni. Hata mjomba, yeye aliyesema sitakaa, alinipa benchi lake refu la mti mgumu, wateja wapate pa kungojea. "Siku utakaporudi Bukavu," aliniambia, "benchi uliache. Usiende nalo."

Mbele ya chumba nilisimamisha ubao. Mchoraji aliandika FOTOKOPI. Baada ya muda nikamwita aongeze NA KUCHAJI SIMU. Tena NA PICHA. NA REDIO. NA PAZIA. NA MASOMO YA KIFARANSA. Nilipomwita aongeze sabuni na kuku alishika kiuno.

"Papa, ubao umeisha. Niandike wapi?"

"Andika nyuma."

"Nyuma nani atasoma?"

"Anayetoka upande wa pili."

Toka siku hiyo mtaa mzima uliniita Papa Na. Nilipita sokoni, wamama wa mihogo wakaimba: "Papa Na, na nini tena leo?" Nami, ndugu zangu, niliona ni sifa. Nilipungia mkono kama mheshimiwa.

Sasa mnajua barabara ya Kabambare. Siwezi kuwaeleza barabara hiyo ninyi mnaoipita. Nilikuwa juu ya pikipiki yangu kila wiki, kwenda kuwaona kuku, kurudi kuiona fotokopi. Kiti cha pikipiki kama kinavyotoka dukani ni kigumu, na kabla ya kufika mto Luama mgongo wangu ulikuwa umeshakufa. Basi nikajitengenezea kiti changu mwenyewe. Chini nilivuta vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, vibebe uzito. Juu yake sponji ngumu, juu yake tena sponji laini ya godoro. Mbele nilikiinua kidogo, kwa sababu mnajua mteremko unavyomfanya abiria wa nyuma amsukume dereva mpaka kwenye tanki. Nikafunika na turubai la lori, nikapiga nyuzi mbili nyekundu pembeni, kwa mashine ya mama mkwe. Kiti kizuri. Nikakaa juu yake, nikasahau kama nimekitengeneza. Kwangu haikuwa kazi. Ilikuwa dawa ya mgongo.

Mvua zilipokuja, nikaanguka. Kuku waliugua nikiwa Kasongo, na nilipofika Kabambare nilikuta manyoya, na mama mkwe anayafagia. Mashine ya fotokopi ilishika unyevu nikiwa Kabambare, ikawa inatoa karatasi nyeusi kama sufuria. Wanafunzi wa Kifaransa walikaa kwenye benchi la mjomba, wakachoka, wakaenda kwa mwalimu mwingine. Na lililo baya kuliko yote: nilikuwa nimeahidi kupiga picha za harusi hapa mjini, na siku hiyo mimi na kamera tulikuwa tumezama kwenye tope ng'ambo ya Luama. Bibi harusi yule hana picha hata moja ya siku yake. Yuko humu ndani. Dada, nimeshakuomba msamaha, naomba tena mbele ya watu.

Watu waliniulizia Kasongo, wakaambiwa: ameenda Kabambare. Waliniulizia Kabambare, wakaambiwa: amerudi Kasongo. Mjomba alilisikia hilo akasema, "Si niliwaambia? Hatakaa."

Nikaona aibu, na aibu ya mtu mwenye diploma ni nzito kuliko ya wengine, kwa maana hata wasiojua kusoma wanajua umesoma. Asubuhi moja nikamwambia mke wangu, "Tufunge vitu. Tunarudi Bukavu."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Weye utaenda," alisema. "Mimi na watoto hatutahama tena. Tulihama kwenda, tukahama kurudi. Watoto wameshapata marafiki hapa. Ukitaka kwenda, nenda, lakini ujue unaenda peke yako."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimepoteza kuku, mashine na jina, na sikulia. Hapo nilikaa chini.

"Sasa nifanye nini?" nikamwuliza. "Kazi zote nimejaribu."

Akaweka ungo chini. "Nikuulize. Ukiwa Kabambare, hapa mlangoni watu wanakuja. Unajua wanakuja kutafuta nini?"

"Fotokopi."

"Hapana."

"Redio?"

"Hapana. Madereva wa pikipiki. Wanauliza: papa wa kiti iko? Nawaambia hayuko. Kesho wanarudi: papa wa kiti amekuja? Na mama naye anasema kule Kabambare ni vile vile."

Nilikumbuka. Ni kweli, kila nilipoegesha, kijana fulani alibonyeza kiti changu kwa kiganja na kuuliza, "Grand, kaka yangu, hii ulitoa wapi?" Nami nilimjibu haraka, kwa sababu kuku walikuwa wananingoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliniambia hiyo si kazi, hiyo haimo kwenye ubao." Kisha akacheka, na ni kicheko hicho kilichoniokoa. "Papa wa watoto, kazi yako umeikalia. Unaenda nayo Kabambare, unarudi nayo, iko chini ya makalio yako, na weye unaangalia mbali."

Siku hiyo hiyo nilimwita mchoraji. Nikamwambia apake rangi nyeupe ubao wote, mbele na nyuma, aandike neno moja tu: VITI. Alinitazama. "Na nini?" akauliza. Nikamwambia, "Hakuna na."

Msidhani ilikuwa rahisi. Kazi ya redio naipenda kuliko ya viti, hata leo. Alikuja mzee mmoja na redio ya zamani, ya aina ambayo sijaiona tangu utotoni, mikono ikaniwasha. Mke wangu alikuwa mlangoni, ananiangalia. Nikamwelekeza yule mzee kwa jirani. Alikuja pia mfanyabiashara kutoka machimbo ya dhahabu, akitaka tushirikiane kuuza simu. Nilimwambia, "Kaa kwanza kwenye pikipiki hii." Akakaa. Aliondoka na kiti, na habari ya simu hatukuizungumza tena.

Na sasa mniruhusu nijisifu, kwa kuwa nimengoja sana. Nendeni kwenye kituo cha pikipiki mkaangalie. Abiria wa Kabambare hatazami sura ya dereva tena. Anainama kutafuta nyuzi mbili nyekundu. Mhubiri anatafuta nyuzi nyekundu, shehe anatafuta nyuzi nyekundu. Mama mmoja mjamzito aliletwa hapa kutoka huko ili ajifungulie hospitalini, na aliposhuka hakuuliza daktari yuko wapi, aliuliza nani ameshona kile kiti. Makalio ya Maniema kusini yananijua, ndugu zangu. Chekeni, lakini ni kweli.

Kama mnataka fundisho, hili ndilo. Ukiwa na vipaji vingi, usijiulize unapenda nini, kwa sababu utapenda vyote. Usiulize pia diploma inasema nini. Yangu haina neno kiti. Waulize wanaobaki nyumbani: ninapokuwa sipo, watu wanakuja kutafuta nini? Hiyo ndiyo kazi yako. Nyingine hazifi. Mimi redio yangu naifungua Jumapili, naifunga, nafurahi, Jumatatu nashona.

Nawashukuru ninyi wa kikundi, mlioniacha nikae kati yenu hata nilipokuwa Papa Na. Nawashukuru madereva waliorudi kuuliza baada ya kuambiwa sipo. Mke wangu simshukuru hapa, nitamshukuru nyumbani, asije akapandisha bei.

Nimalizie na siku niliyorudisha vitu vyote vya watu. Nilikuwa nimepata mashine yangu ya kushona, ile nzito inayopenya turubai lililokunjwa mara nne. Nikampelekea rafiki kamera yake, na shemeji jenereta yake. Nikaenda Kabambare na mashine ya mama mkwe mgongoni mwa pikipiki, nimeilaza juu ya sponji kama mtoto. Alinipokea kwa kuku, akaniambia, "Huyu ndiye aliyebaki kati ya wale wako. Usiulize ametoka wapi, kula."

Wa mwisho alikuwa mjomba. Benchi lake tulilibeba watu wawili mpaka uwanjani kwake. Nilikuwa nimelivika: mpira chini, sponji ngumu, sponji laini, nyuzi mbili nyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Alilizunguka. Alilibonyeza kwa kiganja, kama wanavyofanya madereva.

"Unaniachia," alisema. "Kwa hiyo unarudi Bukavu?"

"Hapana, mjomba. Nimetengeneza langu."

Akakaa. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akanyoosha miguu. Nikaanza kuaga. Ndipo akapiga benchi kwa mkono, pale pembeni yake, akapaza sauti kumwita mkewe jikoni:

"Mama! Leta chai ya watu wawili. Huyu iko anakaa."