Kwa Fundi Andendekisye Mwambungu, Aliyekinyoosha Chumba cha Mitambo

Jumatano tarehe 31 Desemba 1958, Fundi Andendekisye Mwambungu atafunga karakana yetu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Kampuni ya Santuri ya Nyanda kwa miaka ishirini na saba na miezi saba. Alikuwa amebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu. Ameomba kuondoka mwenyewe, na kwenye fomu, mahali pa sababu, ameandika maneno mawili: nimechoka kusikiliza. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, nikaagizwa uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitachangamsha pale panapochangamsha.

Fundi ni mwenyeji wa Rungwe. Useremala alifundishwa na wamisionari, na tarehe 4 Mei 1931 akaajiriwa katika duka letu la Mbeya. Siku hizo dhahabu ya Lupa ilikuwa imewavuta watu wa kila namna, na wachimbaji walipopata chochote walinunua santuri. Njia ya Chunya ilikuwa mbaya, masanduku yalifika yamepasuka. Fundi aliyatengeneza, na baada ya muda akaanza kuunda mapya ya mninga ambayo wateja waliyapenda kuliko yale ya Ulaya. Mchimbaji mmoja alirudisha santuri yake akilalamika kwamba imeacha kuimba. Fundi aliifungua akakuta mayai matatu ya mjusi. Aliitengeneza, akamrudishia mwenyewe, na mayai akamfungia kwenye kikopo, kwa kuwa alisema mali ya mteja haitupwi.

Mwaka 1951 kampuni ilijenga studio hapa Iringa, naye akahamishiwa huku pamoja na mkewe, Mama Tupokigwe, ambaye hadi leo hajausamehe upepo wa Iringa wala uhaba wa ndizi. Milango yote ya studio ni kazi ya mikono yake, na kile kioo cha pande mbili kinachotenga vyumba pia.

Wageni wetu waelewe kwamba studio ina vyumba viwili. Kimoja ni cha waimbaji. Cha pili, nyuma ya kioo, ni chumba cha mitambo, ambamo mhandisi hukaa na kinasa sauti na spika moja kubwa, akisikiliza kinachoingia na kuamua kama kinafaa kuwa sahani ya santuri. Chumba hicho kilijengwa kwa matofali na saruji, futi kumi na mbili kila upande, na dari yake futi kumi na mbili. Mwashi alijivunia kwamba hata ukikilaza ubavu hakitabadilika. Kiti cha mhandisi kiliwekwa hatua moja kutoka ukuta wa nyuma, kikapigwa misumari sakafuni kisije kikalia.

Mhandisi wetu, Bwana Hallam, hakujua lugha za huku. Fundi anasema Kinyakyusa, Kihehe na Kisafwa. Basi akaongezewa kazi ambayo haikuwamo katika mkataba wake: kutoka nje na kuwaambia waimbaji kama wamefaa au la. Alikuwa anaweka randa chini, anajipangusa maranda, anavaa koti, ndipo anatoka. Mimi, karani, nilifuatisha maneno yake kwa barua niliyoipiga taipureta na kuigonga mhuri wa kampuni. Kwa miaka minne tuliwakataa watu thelathini na wanane. Kumi na tisa kati yao walikuwa wanaume wenye sauti nzito. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Bwana Hallam aliamini, tena kwa moyo safi, kwamba watu wa nyanda hizi hawakujaliwa sauti za chini.

Mmoja wa hao kumi na tisa alikuwa Kasian Kikoti, mwalimu wa kwaya ya kigango kimoja upande wa Kalenga. Alifika Agosti 1952 kwa miguu na wanakwaya wake kumi na wawili. Watu wa kigango chake walisema akiimba kanisani, anayeketi benchi la mwisho humsikia kwa nyayo. Aliimba peke yake, kisha na wenzake. Nyuma ya kioo Bwana Hallam aligeuza vifundo vya kupandisha na kushusha sauti, akasogeza sikio, akatikisa kichwa. Fundi akavaa koti, akatoka, akamwambia kwa Kihehe kwamba wenzake wana sauti nzuri ila yake haina uzito. Kasian alishukuru. Aliuliza kama angeweza kujisikiliza walau mara moja. Haikuwezekana, maana utepe ulikuwa umeshafutwa kwa ajili ya kundi lililofuata.

Barua yangu niliituma kwa anwani ya kigango, ikafunguliwa na kusomwa mbele ya wanakwaya. Tangu siku hiyo, kila alipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kuinama na kucheka. Hakungoja Krismasi. Aliacha kwaya, akaenda Mufindi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kwenye msumeno, mahali ambapo mtu hata akiimba hasikiki.

Mwaka 1955, mwezi wa Machi, Fundi aliitwa kurekebisha ubao uliokuwa umeinuka kwenye pembe ya chumba cha mitambo, nyuma ya kiti. Bwana Hallam alikuwa akicheza utepe wa mzee mmoja kutoka Tukuyu, huku akilalamika kwamba naye hana kitu. Fundi, amepiga magoti pembeni na nyundo mkononi, aliisikia sauti ya yule mzee imejaa hadi inatikisa misumari kwenye kikopo. Akasimama. Alipofika usawa wa kiti, sauti ikatoweka. Akarudi pembeni, ikarudi. Alifanya hivyo mara sita au saba, na Bwana Hallam akamuuliza amepoteza nini.

Fundi alimwomba aje asimame kwenye ile pembe. Bwana Hallam alicheka, akasema seremala ashughulike na mbao. Lakini alikuwa mtu mkweli. Siku ya tatu alimwita mwenyewe, akapiga magoti pale pembeni, akasikiliza utepe mzima. Alipoinuka uso ulikuwa umembadilika. Alieleza kwamba sauti nzito hugonga ukuta na kurudi, na katika chumba cha mraba namna ile hujazana mahali pamoja na kufutana mahali pengine, na kwamba kiti chake kilipigwa misumari mahali zinapofutana. Ndipo tukaelewa kwa nini wenye maduka wa Mbeya walikuwa wakiandika kwamba sahani zetu zinanguruma. Alichokikosa kwenye kiti alikuwa anakiongeza kwa vifundo.

Kilichofuata ndicho ambacho kampuni ingependa nikiandike kwa urefu, na kwa kweli kinastahili. Fundi alikitengeneza chumba kwa miezi mitano. Kwanza alitundika mablanketi ukutani. Mlio mwembamba ukafa, mzito ukabaki palepale, ikawa kama kusikiliza ukiwa umejifunika. Akaagiza magunia ya pumba za mpunga kutoka Ubaruku, akayapanga kwenye pembe. Yalisaidia kidogo, kisha wakaja panya, na kwaya moja ya akina mama ikakatiza wimbo katikati kupanda juu ya viti. Mwishowe akakumbuka masanduku yake ya santuri. Alijua kwamba ubao mwembamba uliofunika uwazi hutikisika ukipigwa na sauti nzito, na kutikisika huko huila ile sauti. Akaunda masanduku bapa ya plaiwudi yenye kina cha nusu futi, akayajaza sufi, akayasimamisha kwenye pembe zote na kwenye ukuta wa nyuma, mengine akiyaegemeza upande ili kuta zisitazamane. Kiti aliking'oa mwenyewe akakisogeza mbele. Siku Bwana Hallam alipocheza tena utepe wa mzee wa Tukuyu, sauti ilikuwa moja chumba kizima, ukikaa, ukisimama, hata ukichungulia kutoka mlangoni. Yule mzee alipata sahani yake. Bwana Hallam aliandika katika ripoti kwamba kazi yote ni ya Fundi Mwambungu, na hilo ni haki nilishuhudie.

Fundi hakushangilia. Asubuhi iliyofuata alikuja mezani kwangu akaomba faili la waliokataliwa. Alinakili majina kumi na tisa kwa kalamu ya seremala, akaenda nayo kwa Meneja. Ombi lake lilikuwa kwamba wote waandikiwe barua, waelezwe kosa lilikuwa la chumba, waitwe tena. Meneja alimjibu kwamba kampuni haiwezi kutangaza kuwa iliuza sahani kwa miaka minne bila kusikia vizuri. Kisha akamwambia maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi: “Chumba kimepona, Fundi. Wagonjwa unawatafutia nini?”

Basi akawatafuta mwenyewe. Kwa likizo tatu mfululizo hakwenda Rungwe. Alipanda mabasi, alitembea, alilala kwa wachungaji na makatekista. Wanne walikuwa wameshafariki, watatu wamekwenda migodini kusini na hakuna aliyejua wanaishi au la. Mmoja alifunga mlango. Wengi walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chakula, wakasema mambo hayo yamepita.

Fundi alimpata Kasian huko Mufindi mwezi wa Oktoba 1957. Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, wakaketi juu ya gogo. Fundi alimweleza yote, kuanzia kiti hadi panya. Kasian alikohoa muda mrefu, kisha akamjibu: “Barua ya kuniambia sifai ilikuwa na mhuri, Fundi. Hii ya kuniambia nafaa mbona umekuja nayo mdomoni?”

Fundi aliporudi alinieleza hayo, akaniomba niandike barua moja tu, ya Kasian, niigonge mhuri. Mhuri ulikuwa kwenye droo yangu, na droo haikufungwa. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri wiki moja, halafu mbili, na kila nilipomwona anakuja nilishika simu. Hakuniuliza tena. Watu wanaosoma karatasi hii wajue kwamba inaandikwa na mtu aliyeogopa.

Lakini Fundi hakukata tamaa juu ya Kasian. Alirudi Mufindi mwaka huu mwezi wa Juni, akamsihi, na tarehe 12 Julai Kasian Kikoti akashuka kutoka kwenye lori la mbao mbele ya studio yetu, na shati jeupe lililopigwa pasi. Bwana Hallam alitoka kumpokea mwenyewe, akamwomba radhi kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Kasian aliingia, akavua kofia, akaimba wimbo uleule wa mwaka 1952.

Miaka sita ya vumbi la msumeno ilikuwa kifuani mwake. Alianza vizuri, akashuka, na huko chini hapakuwa na kitu isipokuwa pumzi. Alijaribu mara tatu. Safari hii chumba hakikutudanganya hata kidogo. Kila mkwaruzo ulifika. Kila alipovuta hewa tulisikia kifua kinavyolia kama mlango wenye bawaba kavu. Bwana Hallam alivua miwani akaifuta, akaendelea kuifuta.

Kasian aliomba ajisikilize, na safari hii aliruhusiwa. Aliketi kwenye kiti cha mhandisi, mikono magotini, akasikiliza mpaka mwisho. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Kasian aligeuka akamwambia, bila hasira yoyote: “Sasa ndiyo mmesema kweli.”

Akashukuru, akavaa kofia, akarudi kupanda lori lake. Fundi alirudi karakana akafunga mlango. Baada ya juma moja alileta fomu ya kustaafu.

Katika hotuba za leo mtaambiwa kwamba wahandisi wa studio nyingine wamekuja kuyapima masanduku yake na kuyaiga, na ni kweli. Mtaambiwa kwamba hajawahi kuchelewa kazini, na ni kweli. Hamtaambiwa habari za kumi na tisa. Kwa hiyo naziandika hapa, nami karatasi hii nimeipeleka kwa mpiga chapa bila kuipitisha kwa Meneja: Kasian Kikoti na wenzake kumi na wanane, mlio hai na mliotangulia, sauti zenu zilikuwa nzima siku mlipokuja kwetu. Kasoro ilikuwa ya chumba chetu. Barua za kuwakataa nilizipiga mimi, na hakuna neno la kweli ndani yake ila tarehe. Najua radhi hii imechelewa. Aliyewahi kuwaletea ni mmoja tu, naye ndiye tunayemuaga.

Fundi Andendekisye, asante kwa milango isiyopiga kelele, kwa masanduku ya mninga, na kwa safari ulizozifanya kwa niaba yetu bila kutumwa na yeyote kati yetu. Msalimie Mama Tupokigwe, na umwambie upepo wa Iringa hautamfuata. Tunakuombea uzee wenye afya, shamba lenye ndizi za kutosha, na usingizi ambao sisi tuliobaki hatustahili kuudai. Uende salama. Kwa ombi lako mwenyewe, leo hatutaimba.

Joachim Msigwa, karani
Iringa, Desemba 1958