Vifaru Vinne, Si Wanne: Kumuaga Mzee Manyanda wa Nyundo

Mpanda, Jumatatu, tarehe 23 Juni 1997. Naahidi kueleza yote, pamoja na lile linaloniaibisha mimi mwenyewe, kwa sababu wasifu unaoficha jambo haumsaidii anayeagwa.

Ijumaa hii, tarehe 27, Mzee Manyanda Lyamba anastaafu baada ya kuitumikia reli miaka thelathini na mmoja. Bwana Thadei, mkuu wa stesheni yetu, alikuja shuleni kuomba mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka aandike wasifu wa kusomwa kwenye sherehe. Mwalimu wa Kiswahili alinitaja mimi, Emelyne wa kidato cha tatu. Baba yangu ni mfanyakazi wa reli, na nyumba yetu na ya Mzee Manyanda zinatenganishwa na kamba moja ya kuanikia nguo. Kwa hiyo ninayoandika nimeyaona.

Mzee Manyanda alianza kazi Tabora mwaka 1966, akipaka grisi. Mwaka 1974 aliletwa Mpanda kuwa mkaguzi wa magurudumu. Kila treni kabla ya kuondoka, hutembea ubavuni mwake na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele ya shule. Lenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Mwaka 1983 alizuia behewa la mahindi lisiondoke, na wenye mahindi wakamwita mzee mkaidi mpaka gurudumu lilipoinuliwa na ufa ukaonekana, mrefu kama kiganja. Hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Nimeuliza.

Mtu aliyezoea kuhesabu magurudumu hawezi kuacha hata akiwa mapumzikoni. Jumapili mchana, baada ya ibada, Mzee Manyanda huenda kwenye banda la video la Salvator, karibu na soko, kuangalia filamu za vita. Hamwangalii shujaa. Anaangalia vifaru. Siku moja alisimama katikati ya mapigano na kumwomba Salvator asimamishe mkanda.

"Mzee, waache wapigane bwana," vijana walilalamika.

"Watapigana tu. Nyie ngojeni nihesabu magurudumu."

Alisogea mbele, akampima kwa rula askari aliyesimama kando ya kifaru, kisha akakipima kifaru chenyewe. Akisha kujua kifaru ni sawa na askari wangapi, anajua urefu wake wa kweli. Salvator alimruhusu, kwa sharti kwamba asiguse kioo. Tangu hapo vijana wakimwona anaingia humwambia, "Shikamoo Jenerali," naye huitikia marahaba bila kucheka.

Nyumbani alivitengeneza upya kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwa maseremala. Magurudumu ni vizibo vya soda, minyororo ni mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa kwa wembe, na mizinga ni mirija ya kalamu. Kizibo cha soda ndicho kilichoamua kipimo: kilitoshea gurudumu la kweli likipunguzwa mara thelathini, basi kila kitu kikapunguzwa mara thelathini, hata kifuniko anachotokea dereva. Kifaru kimoja kilimchukua miezi minane. Wanaosema mzee alikuwa akichezea midoli wajaribu kwanza kutengeneza mnyororo mmoja.

Cha nne ndicho anachokipenda zaidi. Katika filamu moja aliona kifaru cha maadui ambacho magurudumu yake hayakulingana na ya jeshi hilo kwenye filamu nyingine. Alirudi Jumapili tatu mfululizo. Mwisho alituambia, "Hawa wamekivalisha koti." Wenye filamu walichukua kifaru cha watu wengine, wakakifunika mabati na kukipaka rangi. Mzee akakitengeneza hivyo hivyo: ukiyavuta mabati kwa ukucha, yanatoka, na kifaru halisi kinaonekana chini yake. Mji mzima uliangalia filamu ile. Aliyeona ni mgonga magurudumu.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Agosti iliyopita stesheni ilialikwa kwenye maonyesho ya wakulima, na Bwana Thadei akaamua vifaru vipelekwe. Vilipangwa kwenye sanduku la mbao lenye matundu, ili rangi iliyokuwa bado mbichi ipate hewa. Mimi niliombwa kuandika orodha ya vitu. Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa darasani kwamba majina ya wanyama, hata yakianza na ki-, hufuata upatanisho wa viumbe hai: kiboko yule, kipepeo huyu, kifaru mmoja. Kwa furaha ya kujua, na bila kufikiri, niliandika: "Vifaru wanne, wametoka Stesheni ya Mpanda." Ningeandika "vinne, vimetoka," wasifu huu ungekuwa mfupi.

Maonyesho yalipokwisha, sanduku lilibaki stoo ya ofisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Karani wake, Bwana Eustace, alisoma orodha yangu, akaona matundu ya hewa, akaandika kwenye daftari lake: wanyamapori. Hilo namsamehe, maana nilimpotosha mimi. Lakini mwezi Septemba Mzee Manyanda alikwenda na nyundo ndogo, akang'oa misumari mbele yake na kumwonyesha. Mimi nilikuwepo.

"Mzee, naona kwa macho," alisema Bwana Eustace. "Lakini daftari linasema wanne. Kifaru ni nyara ya serikali, hata akiwa mdogo. Siwezi kumkabidhi kwa mtu binafsi bila kibali."

"Mwanangu, hiki ni mninga."

"Basi lete na kibali cha mbao."

Nilieleza kwamba kosa ni langu, kwamba kifaru cha vita ni kimoja na kifaru wa porini ni mmoja. Aliniambia, "Binti, hapa siyo darasani." Sanduku likapigiliwa misumari tena. Mzee amekwenda mara saba, kila mara amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, na kila mara anaambiwa ombi la kibali bado halijajibiwa. Miezi kumi sasa. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuruhusu gurudumu lenye ufa litoke Mpanda anazungushwa kwa ajili ya herufi mbili, na anayemzungusha amekiri kwamba anaona.

Mzee hajanikaripia hata siku moja. Alisema tu, "Emelyne, ulisikiliza sana shuleni." Hilo ndilo linaloniuma. Jumamosi asubuhi anapanda treni kurudi kwao Kaliua, na amekwisha kutengeneza rafu ya kuvipanga nyumbani kwake, yenye nafasi nne. Rafu imefungwa kwa kamba tayari, ipo barazani, tupu. Akiondoka bila vifaru, sioni nani atakayevifuata tena stoo.

Mzee Manyanda, tunakushukuru kwa kila treni iliyofika salama na kwa kila jina baya uliloitwa kwa kuichelewesha. Nenda ukapumzike Kaliua, mgongo upone, wajukuu wakusikilize, na wakikuwekea filamu wakuache uhesabu. Mpanda itakukosa kila treni itakapokuwa tayari kuondoka.

Nakala moja ya wasifu huu baba yangu ataipeleka Jumatano kwa Bwana Eustace, na atasubiri mlangoni mpaka apewe jibu la maandishi. Kwenye sherehe tumeacha meza moja wazi, imetandikwa kitambaa. Safari hii nimekagua kila neno mara mbili, nikigonga na kusikiliza kama nilivyoona kwa jirani yangu, na swali langu kwa Bwana Eustace ni hili: vifaru vyetu vinne, vilivyotengenezwa kwa mninga na vizibo vya soda, vitafika mezani Ijumaa saa ngapi?