Mama Taratibu na Chai Inayorudi Baridi

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika makao yetu ya wazee, mhudumu wetu wa kiroho anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Juni. Vyeti vyake vina jina refu la heshima, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Wazee, wauguzi, mlinzi wa getini, hata meneja akisahau kwamba yuko kikaoni, wote tunamwita Mama Taratibu.

Jina alilipata kwa mwendo wake. Kutoka ngazini hadi mwisho wa korido, mtu mwingine angekuwa ameshaenda, akarudi, na kusahau alichofuata. Yeye bado anaamkia watu. Shikamoo huku, habari kule, mto huo umekaa vibaya hebu nikuwekee sawa. Ukimharakisha anakujibu neno moja tu, na hilo ndilo tulilombandika.

Anayeandika haya ni mpishi mkuu. Kamati ya sherehe imemwonya asitie chumvi nyingi, ombi gumu kwa mtu wa jikoni.

Lakini jikoni ndiko kazi ya Mama Taratibu ilikojulikana mapema kuliko kwingine, kwa sababu ya chai. Kikombe tulichompelekea kikirudi kitupu, siku hiyo ilikuwa ya maongezi na vicheko. Kikirudi kimejaa, chai imepoa na kufanya utando juu, tulijua kuna mzee anayeondoka, na tulipunguza kelele za masufuria bila kuambiwa na mtu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mzee akikaribia safari yake ya mwisho, Mama Taratibu huingia, huvuta kiti, hukaa. Hana pupa ya kuhubiri. Anayetaka sala huipata. Anayetaka padri, mchungaji au shehe huitiwa. Anayetaka kuuliza kwa nini Mungu alimchukulia mwanawe mapema, huuliza, na Mama Taratibu humsikiliza hadi mwisho. Fundi mwashi mmoja, aliyesema wazi kwamba yeye na mambo ya dini waliachana zamani, alitaka tu mtu wa kusikiliza naye mpira redioni. Mama Taratibu, asiyejua mpira hata chembe, alikaa naye mechi nzima na kushangilia goli la wapinzani. Mzee yule alicheka mpaka akapaliwa.

Haya yote hakuzaliwa akiyajua. Mwezi wake wa kwanza kazini vyumba vilikuwa vinapakwa rangi, na wazee wawili wakabadilishana vyumba huku vibao vya majina vikibaki milangoni vilevile. Mama Taratibu akaingia kwa fundi saa, Mwislamu wa swala tano, akidhani ni jirani yake, mzee wa kanisa. Akamwimbia nyimbo za kanisani, beti zote. Na hapa ukweli usemwe: Mama Taratibu ana vipaji vingi, kuimba hakumo. Fundi saa alimsubiri amalize, kwa adabu zake zote, kisha akamwambia kwa sauti ndogo, "Ahsante mwanangu, umejitahidi. Sasa nenda kaniitie shehe anisomee Yasini, maana sina muda." Hiyo ndiyo siku pekee Mama Taratibu alipoonekana anakimbia. Alikimbia hadi msikitini, viatu mkononi, na shehe akawahi.

Sisi tulivunjika mbavu, na tukikumbuka tunacheka hadi leo. Yeye hakucheka. Alisema si haki mtu aanze kuomba kilicho chake wakati hana nguvu za kuomba. Tangu hapo kila mzee anayehamia kwetu hukaribishwa chai naye, angali mzima na mbishi, na kuulizwa bila kuzungushwa: siku yako ikifika, unataka nani awe kando yako, na unataka usikie nini? Wauguzi waliliogopa sana swali hilo. Wazee hawakuliogopa, wengi walisema walikuwa wanasubiri wa kuwauliza. Leo muuguzi yeyote mpya hufundishwa kuliuliza.

Mshonaji wa chumba cha kona alipoulizwa, alijibu kwamba anataka mtu, basi. Hana mtoto, na ndugu zake wote wametangulia. Mama yake mzazi alikata roho wakati yeye ametoka kidogo kuchota maji, na jambo hilo limemkaa moyoni maisha yake yote. Hakutaka sala maalumu wala wimbo (labda alishasikia habari za fundi saa). Alitaka tu asiwe peke yake, na Mama Taratibu akamwahidi kwamba hatakuwa.

Wiki hii mshonaji amezidiwa. Na kanuni zetu ni kwamba mtumishi akistaafu hurudisha kitambulisho siku hiyohiyo, na mgeni asiye ndugu wa mgonjwa hakai chumbani saa za kutembelea zikiisha. Mama Taratibu alimwendea meneja. Hakutaka zawadi wala hotuba, aliomba aongezewe siku chache tu. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alisema hilo liko juu ya uwezo wake. Tulimwona akitoka ofisini amenyong'onyea, na chai yake ilirudi imejaa ingawa siku hiyo hakuna aliyekufa. Ilituuma sana.

Aliyefungua fundo ni mshonaji mwenyewe. Juzi asubuhi aliagiza meneja aitwe. Akaushika mkono wa Mama Taratibu mbele yake, akasema kwa pumzi aliyobaki nayo, "Meneja, huyu ni mdogo wangu. Tulichelewa kujuana tu. Utamzuia ndugu yangu?" Meneja akashuka mwenyewe getini kumwarifu mlinzi kwamba mgonjwa wa chumba cha kona ana ndugu, na ndugu huyo asiulizwe saa ya kuingia wala ya kutoka.

Kwa hiyo, wageni wetu, mkiona kiti cha heshima hapo mbele ni kitupu wakati wa hotuba, msimtafute. Asubuhi hii amerudisha kitambulisho, akatoka kwa mlango wa wafanyakazi, akazunguka nyumba nzima kwa mwendo wake uleule, akaingia kwa mlango wa wageni. Chai tuliyompelekea haijarudi.

Mama Taratibu, ahsante kwa wote uliowasindikiza, na kwa sisi tuliojifunza kunyamaza kwa kukutazama wewe. Tunakuombea miaka mingi ya afya, usingizi wa kutosha, na chai ya moto kila siku. Keki tumekuwekea kipande, na kingine laini, hata kama ni cha kuonja tu, cha dada yako.